Besi ya Mlima Sinai

Hapana, si umeme. Kila anayesikia habari hii anauliza hivyo hivyo, kwani umeme ulikuwa mdogo? Umeme ulikuwepo, tena wa kutosha, taa za uwanjani kwa Bi Enid zinawaka mchana kweupe kana kwamba hakuna anayezilipia. Amplifaya nzima. Valvu zake zote, zile chupa za kioo, zimekuwa nyekundu kama makaa. Santuri safi, sindano mpya. Kilichokosekana ni besi tu, basi.

Na wa kwanza kujua wala hakuwa fundi mwenyewe. Alikuwa mkewe, Icilda, na alijua kwa sababu ya mifuniko ya sufuria.

Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, hapo Kingston, kwenye saa nne za asubuhi. Icilda ameshapanga majiko yake matatu ya makaa pale pake pa siku zote, hatua nne mbele ya masanduku ya spika, maana watu wakichoka kucheza wakigeuka tu wanakutana na mbuzi. Jiko la kwanza mbuzi wa bizari, la pili wali na maharage wa tui la nazi, la tatu supu ya kichwa na utumbo. Jumapili zote, Mlima Sinai ukianza kupiga, na Mlima Sinai ndilo jina la muziki wao, mashine na masanduku yote, mifuniko huanza kutetemeka yenyewe, tikitikitiki, mpaka anaibana kwa mawe. Siku hiyo kashika jiwe mkononi, anangoja. Tulloch, lile jamaa nene linaloshughulika na santuri, akashusha sindano.

Mwimbaji akasikika. Gitaa likasikika. Huko chini, kimya. Mifuniko imetulia kama iko kanisani.

"Tulloch, umefungua yote?"

"Nimefungua mpaka mwisho, mama. Nikizungusha tena kitufe kitanibakia mkononi."

Mumewe, Lascelles, alikuwa amesimama getini, kafumba macho, kiganja tumboni chini ya kitovu. Ndicho kipimo chake, hana kingine. Besi ikigonga pale chini ya kitovu, sanduku limekubali. Ikigonga kifuani, tundu ni kubwa mno, anaongeza kibao kulipunguza. Maana kila sanduku, na yalikuwa manne, marefu kama makabati ya nguo, lina spika mbili kubwa, halafu chini yake lina tundu refu jembamba kama mdomo wa sanduku la posta. Humo ndimo besi inamopumulia. Upana wa lile tundu ndiyo siri yote ya fundi. Wiki tatu amekaa uani na masanduku hayo mapya, anapigilia kibao, anatoka mpaka kona ya kichochoro kusikiliza, anarudi, anakipunguza kwa unene wa ukucha, anatoka tena. Mpaka Alhamisi, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu, mabati ya uzio yakalia na jirani akawahi kutoa picha zake ukutani. Lascelles akasema, imekubali.

Sasa leo ni Jumatatu, na tumboni kwake hakuna kilichogonga.

Akafumbua macho. Hakutazama masanduku. Alitazama watu, mmoja mmoja, Tulloch, wabebaji wawili waliokaa kwenye mkokoteni, mkewe.

"Clovis yuko wapi?"

Icilda akaweka lile jiwe chini taratibu. Clovis ni mdogo wake, tumbo moja.

"Kaenda kuleta barafu," akasema.

"Barafu. Tangu saa mbili?"

"Leo sikukuu, Lascelles. Foleni."

"Mm," akasema Lascelles. Ile "mm" yake Icilda aliijua miaka ishirini na sita. Ni heri atukane.

~

Shida ni kwamba siku yenyewe haikuwa ya mchezo. Bi Enid, mwenye uwanja, alikuwa kachoka kusikia watu wakisema muziki mwingine, ule wa Almasi, una besi nzito kuliko Mlima Sinai. Akasema, sawa, Jumatatu ya Pasaka njooni wote wawili, mpige kwa zamu, watu wenyewe waniambie kwa miguu yao. Atakayeshinda achukue Jumapili zote. Na Jumapili za kwa Bi Enid ndizo zilizokuwa zikiendesha nyumba ya Icilda, muziki upande mmoja, sufuria upande wa pili. Mbuzi wa siku hiyo Icilda alimchukua kwa ahadi ya kulipa baadaye. Geti linafunguliwa saa tisa.

Clovis akarudi na barafu begani, maji yanamtiririka mgongoni. Mwanaume wa miaka thelathini na nane, mrefu, mpole, mikono mizuri ya useremala. Amekaa kwao miaka sita, anakata mbao za shemeji yake, analipwa kikiwepo, na mara nyingi hakipo.

"Mbona mmenitumbulia macho? Barafu si imekuja?"

"Fungua mfuko wako," Lascelles akasema.

"Mfuko gani?"

"Wa vifaa. Fungua."

"Shem, kuna nini?"

"Besi yangu imekufa. Alhamisi ilikuwa hai. Masanduku yamelala uani kwangu siku nne, na uani kwangu analala mtu mmoja. Fungua mfuko."

Kwenye uzio pale walikuwa wameshaanza kusimama watu wa mtaani, wale wasiokosa kitu. Mmoja akacheka, "Clovis, mwonyeshe mzee, labda umeiweka besi humo!" Wenzake wakaangua kicheko. Clovis akashusha barafu, akaukung'uta mfuko mwenyewe kwenye meza. Patasi, bisibisi, penseli, shati, kipande cha mkate wa Pasaka na jibini kimefungwa kwa gazeti. Na karatasi imekunjwa mara nne.

Lascelles akaifungua. Hajui sana kusoma lakini tarakimu anazijua vizuri. Uso wake ukabadilika.

Sasa lazima uelewe jinsi huyu bwana alivyofanya kazi. Sanduku lake hakulipima kwa futi mbele ya mtu. Alipima kwa uzi wenye mafundo. Anampa Clovis uzi, Clovis anakata ubao kufuata mafundo, kisha uzi unarudi mkononi kwa Lascelles na anautia kwenye jiko. Uzi mwingine, ubao mwingine, unachomwa. Ni kama wenzake walivyokwangua majina kwenye santuri ili mpinzani asijue ni wimbo gani. Hakuna mtu duniani mwenye vipimo vya sanduku zima la Mlima Sinai. Ndivyo alivyokuwa akijua.

"Urefu," akasoma. "Kina. Rafu ya ndani." Sauti ikashuka. "Icilda, njoo umwone nduguyo."

"Nimeandika, ndiyo," Clovis akasema. "Kila uzi nimeupima kabla hujauchoma."

"Ili umpe nani?"

"Ili nisimpe mtu. Shem, una miaka hamsini na tisa na kifua chako unakijua. Ukianguka kesho, dada atakula nini? Atakula nyuzi za jikoni? Atapeleka masanduku kwa fundi gani ayatengeneze? Nikasema walau mtu mmoja awe nazo."

"Unanizika."

"Sikuziki. Nimekwambia kweli."

"Na tundu? Tundu nalo umeandika?"

"Tundu sina. Unapigilia vibao mwenyewe, siku zote unanituma dukani kwanza."

Lascelles akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni mwake, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Hakuna atakayetia kitu mdomoni hapa mpaka nijue nani kaniuza. Wewe Icilda, sufuria zako zifunike."

"Watu wamebeba mizigo tangu alfajiri, Lascelles."

"Funika."

Akafunika.

~

Wakafungua sanduku la kwanza kwa nyuma. Skrubu ishirini na nne. Lascelles akaingiza kichwa na tochi, makalio nje, watu wa uzioni wakapata kingine cha kucheka. Akagusa kila waya. Akapapasa pamba ya godoro aliyoibandika kwenye kuta za ndani. Akabonyeza koni za spika kwa vidole, polepole, kama daktari na tumbo la mtoto. Kila kitu kiko kama alivyokiacha. Ndipo akazidi kukasirika. Angekuta waya umekatwa angepona.

"Aliyefanya hivi ni mjuzi," akasema alipotoka, vumbi kwenye kope. "Hakuacha alama."

"Au hakuna aliyefanya," Tulloch akasema.

Lascelles akamtazama. "Wewe nawe wiki iliyopita ulipewa bia na nani pale dukani kwa Mchina?"

"Ah! Sasa na mimi?"

Hivyo ndivyo ulivyokwenda mchana ule. Wabebaji wakaulizwa walipitia njia gani na mkokoteni. Jirani akatajwa. Marehemu mama yake Clovis naye akatajwa, ambaye ndiye mama yake Icilda, kwamba ukoo wenyewe haukuwahi kumpenda. "Damu yenu moja," akamwambia mkewe. "Na wewe labda ulijua."

Icilda hakujibu, na sababu ya kutojibu ni kwamba kitu kimoja kweli alikijua. Jumatano ya juma lile, akitoka sokoni, alimwona Clovis kwa macho yake akitoka kwenye geti la Almasi, anakung'uta vumbi la mbao kwenye viatu. Alikaa na jambo hilo kifuani siku tano. Sasa likaanza kumla. Akamfuata mdogo wake nyuma ya jiko la kuni la Bi Enid, kwenye kivuli cha mgomba.

"Clovis. Nitazame. Jumatano ulikuwa kwa Roderick?"

Roderick ndiye mwenye Almasi.

"Nilikuwa," Clovis akasema.

"Mungu wangu."

"Ananipa kazi, dada. Karakana. Mshahara kila Ijumaa, mkononi. Akanionyesha mashine ya kukatia."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia nitafikiri."

"Na vipimo?"

"Hakuniuliza, sikumwambia. Angeniuliza, ningemwambia? Sijui, dada. Kweli sijui. Miaka sita."

Icilda akamwangalia mikono. Akajikuta anatafuta kwenye vidole vya mdogo wake alama ya bisibisi, rangi, mkwaruzo, kitu chochote. Clovis akaona anachotafuta.

"Hata wewe," akasema.

Akashika mfuko wake, akakaa peke yake juu ya kreti tupu karibu na geti, upande wa nje kidogo. Si ndani, si nje.

~

Saa saba na nusu akaja Bi Enid, kofia ya kanisani bado kichwani. Akaomba apigiwe wimbo mmoja. Akasikiliza. Akapitisha kidole mbele ya sanduku kama anayekagua vumbi.

"Fundi, rangi nzuri sana," akasema. "Na muziki?"

"Utakuwepo, Bi Enid."

"Maana huu hata redio yangu ya jikoni inao. Almasi wakija saa nane na huu ndio muziki, mimi sitawawekea watu wangu zamu. Nitamwachia Roderick siku nzima, tusiaibishane."

Roderick mwenyewe hakungoja saa nane. Alikuja kwa miguu, shati limepigwa pasi, akasimama kwa adabu nyingi hadi inaudhi. "Habari za Pasaka, Mista Lascelles. Nimesikia una matatizo kidogo. Ukikwama, nitakuazima sanduku moja. Bure, tu kwa heshima."

"Nani kakwambia nina matatizo?"

"Mzee, mabati ya mtaa mzima yamenyamaza. Si kawaida."

Lascelles akamtazama Roderick, akamtazama Clovis kule kwenye kreti, akarudi kwa Roderick. Akaanza kukunja mikono ya shati. Icilda akaogopa, akageukia majiko yake ili asiyaone yatakayotokea.

Hapo ndipo akaona moshi.

Makaa ya jiko la tatu yalikuwa mabichi, yanafuka. Na moshi ulikuwa unapanda juu, umenyooka, mwembamba kama uzi. Na santuri ya Bi Enid bado inazunguka, muziki unapiga. Akaushangaa kwanza bila kujua anashangaa nini. Jumapili zote moshi wake haunyooki. Hata matundu ya masanduku ya zamani huwa yanautupa huku na huku, yanapuliza mpaka mvuke wa supu unamrudia usoni, na yeye huwa anamlaani Lascelles kwa ajili hiyo. Leo hakuna upepo unaotoka kwenye masanduku.

Akaenda mpaka kwenye sanduku. Akainama, akaweka kiganja kule chini kwenye tundu. Hakulipata tundu. Rangi ya kijani tupu, laini, inang'aa. Akapapasa kulia, kushoto.

"Lascelles. Tundu liko wapi?"

"Usilitaje mbele za watu!"

"Nauliza liko wapi. Silioni."

"Ndivyo inavyotakiwa. Nimelifunika."

"Kwa nini?"

"Wasilipime!" akamtupia jicho Roderick. "Nimetia kitambaa. Kitambaa kinapitisha pumzi, nilijaribu Alhamisi, kikapitisha vizuri kabisa."

"Kitambaa hiki hiki?"

"Hicho hicho. Ijumaa nikakipaka rangi pamoja na mbao, isijulikane wapi mbao wapi kitambaa."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu. Jumamosi mkono mmoja tena."

"Na ukajaribu?"

Angejaribu lini? Ijumaa Kuu mtu hapigi msumari wala muziki, dunia nzima pale imekaa kimya na samaki wake. Ndiyo maana alishika brashi, alikosa kingine cha kufanya na mikono. Jumamosi Icilda mwenyewe alikataza kelele mpaka Bwana afufuke. Jumapili kanisani. Tangu Alhamisi masanduku hayakuwahi kupigwa. Na ile rangi ya mafuta ilikuwa ya kupakia mabasi, ikikauka inakuwa kama ngozi.

Icilda akagonga pale kwa ukucha. Ta, ta. Kama ngoma ndogo.

Uwanja mzima ulisikia.

"Mista Lascelles," Roderick akasema polepole, "umeziba mwenyewe?"

Hata wale wa uzioni walingoja. Lascelles alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mtu mzima, na vumbi la pamba kwenye nywele. Kukichana kitambaa ni kumwonyesha Roderick upana wa tundu, saa nane mchana, mbele yake. Kutokichana ni kumpa Roderick Jumapili.

Akatoa kisu kidogo cha mfukoni. Akakishika, akakitazama. Halafu akatembea mpaka kwenye kreti.

"Clovis. Nisaidie. Macho yangu na vumbi hili."

Clovis hakuinuka. "Mfuko wangu ushaukagua. Kisu nacho si utasema nimekitia sumu?"

"Najua nilichosema."

"Watu wote hawa walisikia."

"Na sasa wanasikia hiki. Nimekosea. Nimeziba mwenyewe kama mjinga. Chukua kisu."

Uzioni mmoja akapiga mluzi. Clovis akakaa kidogo tena, kwa ajili ya heshima yake, kisha akachukua. Akapiga magoti kwenye sanduku la kwanza, akakata kwa kufuata ukingo wa mbao, taratibu, bila kuugusa ubao. Kitambaa kikatoka kimekakamaa kama kigae. La pili, la tatu, la nne. Matundu manne yakabaki wazi, meusi, na Roderick akiwa hatua tatu tu, kichwa kakiinamisha, anapima kwa macho, midomo inahesabu.

"Tulloch," Lascelles akasema. "Ule ule."

Sindano ikashuka.

Aisee. Icilda hakuisikia kwa masikio. Ilimpanda kwenye nyayo. Mfuniko wa supu ukaruka, ukaanguka mchangani, moshi ukapinda ukaenda kumpiga Tulloch usoni, mabati yote ya kwa Bi Enid yakaanza kulia na kofia yake ya kanisani akaishika kwa mikono miwili. Lascelles kule getini, macho yamefumbwa, kiganja tumboni. Alisimama hivyo wimbo mzima.

"Haya, nani alisema kuna shida?" Bi Enid akapaza sauti. "Saa tisa nafungua!"

Zile Jumapili hawakuzipata zote, tuseme kweli. Watu walicheza kwa wote wawili mpaka vumbi likawa ukungu, na Bi Enid akazigawa, mbili kwa mwezi Mlima Sinai, mbili Almasi. Na kabla Krismasi haijafika masanduku ya Almasi nayo yalikuwa na tundu jembamba chini, upana ule ule. Lakini hayo ni ya baadaye.

~

Saa nane na robo Roderick akaondoka kwenda kuleta lori lake. Lascelles akazima amplifaya ipoe. Akatoa ile karatasi mfukoni, akamrudishia Clovis bila kusema neno. Clovis akaitia kwenye mfuko wa shati.

"Kesho kutwa naanza kwa Roderick," akasema. "Afadhali ulisikie kwangu."

Lascelles alikuwa anajipangusa mikono kwa kitambaa. Aliendelea kujipangusa ingawa ilishatakata.

"Mshahara kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa."

"Mkononi?"

"Mkononi."

"Mm," akasema Lascelles. Icilda akasikiliza ile "mm" kwa makini, na safari hii hakuweza kuifasiri. "Akikuuliza habari za rafu ya ndani?"

"Nitamwambia akuulize wewe."

"Atakuja kuniuliza?"

"Kwa adabu zile? Atakuja na shati la pasi."

Tulloch akaangua kicheko, tumbo lote likacheka, na Lascelles akajizuia, akajizuia, akashindwa.

"Nyie watu," Icilda akasema, "nimefunika sufuria tangu saa tano. Kuna mtu ana njaa au tunaendelea na kesi?"

Wabebaji wakashuka kwenye mkokoteni kabla hajamaliza. Akapakua. Wali kwanza, mbuzi juu, mchuzi wa kumwaga kweli, wala hakupima kama anavyowapimia wanunuzi. Bi Enid naye akavua kofia, akaletewa sahani. Viti vilikuwa viwili tu. Lascelles akamsukumia Clovis kimoja kwa mguu, yeye mwenyewe akavuta gunia la makaa akalikalia na suruali yake ya sikukuu. Clovis akakitazama kile kiti kidogo. Kisha akakaa.

Icilda akajipakulia wa mwisho, akaketi kati yao wawili, na vijiko vikaanza kugonga sahani.